Kisha retrete, nani atalipa munganga?

Asubuhi moja huko Likasi, mbele ya giseti ya lupitalo ya kampani, muzee mumoja alisimama na karte yake ya matunzo mukononi. Alikuwa amefanya kazi miaka 31: kwanza chini ya udongo, kisha juu, kwenye mashini za kusaga mawe. Kila mwezi alikuja kutafuta dawa zake za tensio bila kutoa hata franga moja. Siku ile mama wa giseti aliangalia karte, akaangalia ordinatere, akamurudishia.

«Baba, hii karte haitumike tena. Uko retrete tangu mwezi uliopita.»

Muzee akajibu: «Mama, tensio yangu yenyewe haiyaenda retrete.»

Watu wa mulongo walicheka. Yeye hakucheka. Alipotueleza mambo hayo nyumbani kwake, bibi yake alikuwa pembeni anachambua sombe, akaongeza: «Tulihesabu feza yote ya mwisho. Mabati, minervale ya mutoto, deni la duka. Juu ya lupitalo, hakuna mwenye aliuliza.»

Sisi watu wa Katanga tumekomea katika desturi moja. Tangu wakati wa Union Minière, kampani ilikuwa baba na mama: nyumba, posho, masomo, lupitalo. Mutoto alizaliwa katika materinite ya kampani, akakomea, akaingia kazi, na wake pia wakazaliwa mule mule. Nani angejifunza neno asiransi? Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa «départ volontaire», familia nyingi zilivumbua kwamba hata sindano iko na bei.

Sheria yenyewe iko wazi. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mupatron kutunza mufanyakazi, bibi yake na watoto walio katika mikono yake, wakati kontra inaendelea. Kontra ikiisha, deni hilo linaisha pia, isipokuwa kama convention collective ya kampani yenu inasema neno lingine. Kwa hiyo ulizia delege wa sendika akuonyeshe maandiko. Usikubali akuambie tu kwa kinywa.

Wengi wanajibu: «Mimi niko na CNSS, nimekatwa miaka yote.» Kamata karatasi yako ya mushahara tuhesabu pamoja. Kotizasio ni 18 kwa mia: 5 zinatoka kwako, 13 kwa mupatron. Katika hizo, 10 ni za pansio, 6.5 ni za familia, na 1.5 ni za aksida na magonjwa ya kazi. Angalia vizuri: malaria haimo, ugonjwa wa sukari haumo, operasio ya hernia haimo. CNSS itakutumia pansio, na wewe mwenyewe utaipeleka kwa munganga kama ukipenda.

Lakini ile 1.5, usiidharau. Ndiyo haki ambayo wachimbaji wengi wanaiacha barabarani. Vumbi la mawe linakaa katika mapafu, na silikozi inaweza kujionyesha miaka mingi kisha mutu kuacha kazi. Kama ugonjwa ukitambuliwa kuwa wa kazi, CNSS inalipa matunzo yake, na kama nguvu za mwili zimepungua, inatoa feza ya kila wakati, mbali na pansio. Shida ni kushuhudia. Mutu anayefika kisha miaka minane na kikohozi tu, bila karatasi, atazunguka ofisi hata viatu vitaisha. Basi, mbele ya kusaini karatasi za mwisho, omba radio ya kifua, omba kopi, omba pia karatasi inayoonyesha ulifanya kazi sehemu gani na miaka ngapi. Weka vyote pamoja na hati ya ndoa.

Kwa magonjwa mengine, njia ziko chache. Kuna wenye kusema: «Mutoto wangu iko mu kampani ya Machina, atanitunza.» Mutoto akiwa na roho nzuri, sawa. Lakini karte yake inabeba bibi na watoto wake. Baba na mama hawamo. Atalipa katika mufuko wake. Kuna wenye kuweka feza ya mwisho pembeni kwa ajili ya magonjwa. Hiyo feza, tunajua njia yake: matanga mawili, ndoa moja, imeisha.

Serikali nayo ilianza «couverture santé universelle» mwaka 2023, kwa kujifungua bure huko Kinshasa. Ni vizuri, lakini muzee wa miaka 62 hatajifungua.

Inabaki mutueli na asiransi ya biashara. Zamani SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mulango kwa kampani zingine. Asiransi hizo zinaweza kulipa hata lupitalo kubwa na operasio nzito, lakini zinapima hatari: umri wako, magonjwa unayokuja nayo. Mwenye tensio ya miaka kumi anaweza kukataliwa, ao kukubaliwa bila tensio yenyewe, ambayo ni sawa na kuuziwa mwavuli wa wakati wa jua. Mutueli ni ya bei ndogo na inapokea wazee kwa wepesi zaidi. Ila lupitalo zake ni zile ziliandikwa katika orodha, kuna kiasi isichopita, na sehemu ya faktire inabaki juu yako. Nyingi zinaomba pia ulipe miezi fulani mbele ya kuanza kutunzwa.

Kwa mawazo yetu, mwenye pansio ndogo na magonjwa ya kila siku, mutueli inamufaa kuliko asiransi, na aingie akingali na mushahara ili miezi ya kungojea imalizike mbele ya karte ya kampani kufa. Lakini asisaini mbele ya kuuliza: dawa za kila mwezi zimo? Bibi yangu yumo, na kama nikikufa atabaki? Lupitalo ya karibu na kwetu imo? Sendika nazo zingeweza kuomba jambo lingine katika mazungumuzo na wapatron: wastaafu wabaki katika asiransi ya kikundi, hata kwa kulipa wenyewe. Kikundi cha watu elfu moja hakipimwi kama muzee mumoja mwenye tensio.

Yule muzee wa Likasi aliingia mutueli ya parokia kisha kukataliwa pa giseti. Amebakiza mwezi mumoja wa kungojea. Dawa zake ananunua nusu plaketi kwa famasi ya pembeni, na siku zingine, bibi anasema, anakunywa kidonge kimoja mahali pa viwili.