Skrini imeonyesha meli iliyozama, mbona ndoana inapanda tupu?

Unazunguka na boti, ghafla mstari wa chini kwenye skrini unapanda kama ukuta. Juu yake samaki wamejaa. Unashusha mshipi haraka, unasubiri, unapandisha mtupu. Unarudia mara tatu, mafuta yanaisha.

Wengi hulaumu kifaa. Mara nyingi kifaa kiko sawa. Tatizo ni kwamba picha ile inaonyesha mahali ulipopita, na wewe unavua mahali ulipofika.

Kwa nini samaki hukaa hapo?

Chini ya bahari yenye mchanga mtupu hakuna pa kujificha. Meli ikizama hapo inageuka mwamba: matumbawe yanashika kwenye chuma, samaki wadogo wanajificha, wakubwa wanawafuata. Chewa huingia kwenye matundu, kolekole huzunguka kwa juu.

Mfano wa karibu ni MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo. Ilizamishwa makusudi nje ya pwani ya Mombasa mwaka 2002 ili iwe mwamba bandia, kwenye kina cha karibu mita 30. Leo ni mahali maarufu kwa wazamiaji.

Kipima kina kinaona nini?

Kihisi kilichofungwa chini ya boti kinatuma sauti na kusubiri mwangwi. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 30 jibu linarudi kabla hujapepesa jicho.

Lakini sauti hiyo hutanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Kihisi cha kilohezi 200 chenye pembe ya digrii 20 kinaona duara la upana wa mita 10 tu kwenye kina hicho. Ukitumia kilohezi 50, duara linakuwa pana zaidi, ila picha haiwi kali. Tafuta meli kwa duara pana, kisha hamia jembamba ukitaka kujua imelalaje.

Usomaji wenyewe uko hivi:

- Mstari mnene na mkali chini ni mwamba au chuma. Mstari hafifu ni matope.
- Chini tambarare inayopanda ghafla na kushuka ghafla huenda ni meli. Mwamba wa asili mara nyingi hupanda polepole.
- Alama za upinde juu yake ni samaki. Urefu wa upinde hausemi ukubwa wa samaki: boti ikienda taratibu, hata samaki mdogo huchora mstari mrefu.
- Samaki aliyebana ubavuni mwa meli haonekani, mwangwi wa chuma unamfunika.

Hesabu inayokukosesha samaki

Tuseme mkondo unakusukuma nusu mita kwa sekunde, na chubwi yako inachukua sekunde 20 kufika chini. Kwa muda huo umeshasogea mita 10. Ni duara lote uliloliona! Chambo kinafika kwenye mchanga, meli iko nyuma yako.

Fanya hivi:

1. Ukipita juu ya meli, weka alama ya GPS papo hapo.
2. Pita tena kwa njia ya kukata ile ya kwanza, ujue meli imeelekea wapi.
3. Weka gia huru, acha boti ielee dakika mbili tatu. Angalia upepo na maji vinakupeleka wapi.
4. Rudi upande maji yanakotoka, ushushe mshipi kabla ya kufika kwenye alama.
5. Chubwi ikigusa chini, inua mita moja au mbili. Ukichelewa, ndoana itanasa kwenye chuma.

Anza upande huo wa juu wa mkondo, maana samaki wengi hukaa hapo wakingoja chakula kinacholetwa na maji. Siku za bamvua mkondo ni mkali. Maji mafu ni rahisi zaidi kwa anayejifunza.

Usisahau ujuzi wa wazee wa kulinganisha mnazi na mnara wa bara. Betri ikiisha, alama hizo hazizimiki.

Si kila meli ni ya kuvua

Usitupe nanga juu ya meli. Ikinasa huku mawimbi yakipanda, boti inaweza kuvutwa omo na kujaa maji. Weka kisu karibu cha kukatia kamba.

Ukiona boti ya wazamiaji, kaa mbali. Kuna watu chini yako. Kabla ya kushusha mshipi, uliza maafisa wa uvuvi kama eneo hilo linaruhusiwa.

Nyingine zilizama pamoja na maisha ya watu. Manowari ya Uingereza HMS Pegasus, iliyoshambuliwa na Königsberg ya Wajerumani huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilizama baada ya kupoteza baadhi ya mabaharia wake. Skrini itakuonyesha chuma na samaki. Historia ya meli ni juu yako kuiuliza kabla hujatoka bandarini.