Mshenga wa Sikadi

Kati ya majabali ya Mwanza, bustani nyingi zina mmea wa shina fupi la magamba na majani magumu kama unyoya wa ndege. Mgeni hudhani ni mtende uliodumaa. Ni sikadi, ndugu zake wa Pwani huitwa mitapo. Inayopandwa zaidi duniani kwa mapambo, Cycas revoluta, asili yake ni Japani.

Sikadi ina dume na jike, kama mpapai. Ila mpapai hujitambulisha mapema. Sikadi hukaa hata miaka 10 au zaidi bila kutoa koni, na muuza miche hana namna ya kujua amekuuzia ipi.

Porini mshenga ni fukusi. Koni ya dume ikikomaa hupata joto, harufu ikasambaa, fukusi wakajaa humo na kutoka wamepakaa chavua hadi miguuni. Sikadi ya porini ipo hata ng'ambo ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda karibu na Thruston Bay: Encephalartos equatorialis, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1995 na sasa iko ukingoni mwa kutoweka. Bustanini mambo ni mengine: mche ulisafiri, fukusi akabaki kwao.

Basi mwenye bustani anashika kazi, kama wakulima wa vanila wa Kagera wanaochavusha ua moja moja kwa kijiti. Koni ya dume hukung'utiwa juu ya karatasi, chavua ikachekechwa, ikaanikwa kivulini, ikawekwa kwenye friji ndani ya chupa kavu. Kisha ni kuvizia. Magamba ya koni ya jike huachana kidogo kwa siku chache tu. Hapo unapuliza chavua kwa mrija kwenye kila ufa. Ukichelewa, mbegu zinaweza kunenepa vilevile, lakini ukizitia kwenye ndoo ya maji zinaelea: ni tupu. (Tupu au nzima, zina sumu. Mbwa na watoto wakae mbali.)

Ndani, chavua huota mrija taratibu. Miezi kadhaa baadaye hutoa mbegu za kiume zenye vinyweleo, zinazoogelea hadi kwenye yai. Mjapani Seiichiro Ikeno ndiye aliyezigundua kwenye sikadi, mwaka 1896. Katika baadhi ya spishi huonekana kwa macho matupu.

Mwaka mmoja kabla ya ugunduzi huo, huko Afrika Kusini, sikadi iitwayo Encephalartos woodii ilipatikana katika msitu wa Ngoye: mmea mmoja, dume. Machipukizi yake sasa yamo katika bustani nyingi duniani, na chavua ipo tele. Washenga wa kibinadamu nao hawajakosekana. Bibi harusi ndiye hajaonekana hadi leo.