Konokono wa Rangi ya Waridi wa Mlima Kaputar

Karibu na mji wa Narrabri, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, umesimama Mlima Kaputar, masalia ya volkeno iliyozimika yapata miaka milioni 17 iliyopita, na katika misitu yake iliyo juu ya kimo cha mita 1,000 huishi konokono uchi, yaani konokono asiye na gamba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hufikia urefu wa sentimita 20, na mwili wake mzima una rangi ya waridi iliyokolea mno.

Mchana hujificha chini ya majani yaliyodondoka, na usiku wa mvua hupanda mashina ya mikaratusi kutafuta mwani mdogo ulioota juu ya magome, akiukwangua kwa ulimi wenye safu za vijino vidogo sana na kuacha nyuma yake alama zilizopinda zinazoonekana hata baada ya yeye kushuka. Kichwani ana pembe mbili tu, ilhali konokono wengi wa nchi kavu wana nne, na mgongo wake una michirizi kama mishipa ya jani.

Kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na ndugu yake mwenye pembetatu nyekundu mgongoni, aliyeenea mashariki mwa Australia, hadi uchunguzi wa maumbile na vinasaba ulipobainisha kwamba ni wa pekee. Upekee huo unatokana na mlima wenyewe: zamani misitu yenye unyevu ilitanda eneo kubwa la nchi hiyo, lakini hali ya hewa ilipokauka, nyanda za chini zikawa hazipitiki kwa kiumbe ambaye ngozi yake hupoteza maji upesi, naye akabaki huko juu kwenye ubaridi na ukungu.

Hifadhi hiyo ya asili ni finyu kwa namna ya kutia hofu. Joto likizidi, hana kimo kingine cha kukimbilia. Na mwishoni mwa mwaka 2019 moto uliteketeza sehemu kubwa ya makazi yake. Mvua ziliponyesha mwanzoni mwa 2020, walionekana takriban 60, ambao yaelekea waliokolewa na nyufa za miamba. Lakini miamba haina chakula cha kutosha, hivyo kuongezeka kwao kunategemea mwani urudi kwenye magome na majani yarundikane tena chini ya miti.