Dawa za nguvu za maumivu: miligrama zote haziko na uzito moja

Mangaribi, kwenye njia ya kutoka ku mashimo, kuko meza ndogo ndogo. Sigara za kuuzisha moja-moja, bonbon, maji ya saché, lutuku ndani ya chupa ya plastike, na pembeni, ndani ya kikarton, vidonge. Hakuna ordonansi, hakuna mutu wa kukuuliza unagonjwa nini. Mutu anatoka chini, tangu asubui anabeba saki ku mugongo, anasema tu: "Unipatie ile ya nguvu." Anapewa. Anameza na maji, mara ingine na lutuku, na kisha saa moja hivi mugongo unanyamaza.

Hatuandike hii habari juu ya kumuchekelea ule mutu. Mwenye hajabeba saki hata siku moja anaonaka rahisi kusema "acha vidonge". Lakini wamama na vijana wanatuuliza mara mingi ulizo moja: kati ya hizi dawa, ni gani iko na nguvu kupita zingine, na mutu anaweza kuitumia namna gani bila kufa? Ni ulizo la maana, na jibu lake halipatikane kwenye ile meza.

Tuanze na ukoo wao. Tramadoli, kodeini, morfini, oksikodoni, petidini, fentanili: zote ni ndugu, za ukoo wa afyuni. Zingine zinatoka kwenye mumea wa afyuni wenyewe, zingine zinatengenezwa ku kiwanda. Haziponyeshe kidonda wala mufupa. Zinaingia ku bongo na kupunguza sauti ya maumivu. Mubaya ni kwamba zinagusa pia ile sehemu ya bongo yenye kuamuru pumzi. Dozi ikipita, mutu hasikie uchungu, na bongo linasahau kuamuru kifua kivute hewa. Anakufa katika usingizi, bila kelele.

Sasa nguvu. Watu wa mine wanajua maana ya teneur. Saki mbili, kilo moja ku kila upande, lakini moja iko na teneur ya 2 % na ingine ya 10 %. Muzani unasema ni sawa. Négociant hasemi vile. Miligrama za dawa ziko vilevile. Waganga wanatumia morfini kama kipimo. Chukua morfini ya kunywa, miligrama 10. Juu ya kupata utulivu wa karibu sawa, unahitaji tramadoli karibu miligrama 100, ao kodeini karibu 100. Lakini oksikodoni, 6 ao 7 tu zinatosha. Fentanili yenyewe haipimwe hata na miligrama; inapimwa na mikrograma, na mikrograma ni kipande kimoja cha 1.000 cha miligrama. Kuko plasta ya fentanili ya kubandika ku ngozi, ile yenye kutoa mikrograma 25 kwa saa: iko sawa na kunywa karibu miligrama 60 za morfini kwa siku. Mutu ambaye hajazoea hizi dawa akijibandika plasta ya mugonjwa wa kansa juu ya kuumwa na mugongo, anaweza asiamuke asubui.

Hizo hesabu si za kufanya nyumbani. Hata munganga, wakati anabadilisha dawa moja kwa ingine, anapunguza tena dozi ya ile hesabu, robo ao nusu, juu kila mwili unajibu kwa namna yake. Tunaziandika ili mujue kitu kimoja: yule anayekuambia "zote ni dawa ya maumivu, chukua hii pahali pa ile" hajui anachouzisha.

Kwa wengi wetu, woga umegeuka kichwa chini. Morfini tunaiogopa: wakisema jina yake ku lopitali, familia inaanza kulia, inafikiri wamemuhukumu mugonjwa. Tramadoli, tunaila kama bonbon. Lakini tramadoli iko na hatari yake ya pekee. Ilianza kuuzishwa Ujerumani mwaka 1977, na inafanya kazi mbili: moja kama morfini, ingine kama dawa za kutibu huzuni. Ile kazi ya pili ndiyo inaleta kifafa wakati dozi inapita, hata kwa mutu ambaye hajakianguka hata siku moja. Mutu mukubwa mwenye afya hapaswe kupita miligrama 400 kwa siku nzima. Kidonge cha farmasi mara mingi ni cha 50, na kinachukuliwa kimoja ao mbili, kisha unangojea saa ine mpaka sita.

Vile vya meza ya mangaribi, mara mingi vimeandikwa 200, 225, hata 250. Piga hesabu wewe mwenyewe. Mutu anakunywa mbili mara moja kabla ya kushuka: tayari 450 ao 500, dozi ya siku nzima na zaidi, ndani ya dakika moja. Sasa anashuka na kamba. Kifafa kikimukamata kule chini, nani atamupandisha? Na wenzake watasema ni bulozi.

Kule Kameruni, upande wa kaskazini, kulitokea kitu ambacho kilishangaza wanasayansi. Mwaka 2013 wachunguzi walitangaza kwamba wamepata tramadoli ndani ya mizizi ya muti mumoja ambao watu wanatumia kama dawa ya asili. Ikasemwa: ona, pori lenyewe linatengeneza tramadoli! Mwaka 2014 wachunguzi wengine wakaleta maelezo tofauti. Wakulima walikuwa wanameza tramadoli wao wenyewe juu ya kuvumilia kazi na jua kali, wanapatia pia ngombe zao za kulima, na dawa ilitoka katika mikojo, ikaingia ku udongo na ku maji, ndipo mizizi ikaivuta. Tunapenda kuikumbuka hii habari kila wakati mutu anatuambia kwamba ni tatizo la bacreuseurs peke yao.

Kodeini nayo iko na siri. Yenyewe ni zaifu. Ni maini ya mutu ndiyo yanaigeuza kuwa morfini. Maini ya watu wengine hayageuze karibu kitu, na dawa haiwasaidie. Ya wengine yanageuza haraka sana, na dozi ndogo inakuwa kubwa. Kwa sehemu fulani tramadoli iko vile pia. Kwa hiyo "jirani yangu alikunywa ile ile na hakuna kitu ilimufanya" si ushuhuda. Wamama, musikilize hapa: siro ya kikohozi yenye kodeini, ao kidonge cha tramadoli, musipatie mutoto wa chini ya miaka 12. Hata robo. Na mama anayenyonyesha asimeze hizo dawa bila munganga kujua, juu zinapita ndani ya maziwa, na mutoto anaweza kulala usingizi usio wa kawaida na kukosa pumzi.

Morfini, tuliyoiacha pembeni na woga wetu, ndiyo dawa ambayo jirani zetu wa Uganda walijifunza kuitumia muzuri. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, na morfini ya maji, ya kunywa, ikaanza kufika mupaka nyumbani kwa wagonjwa wa kansa. Tangu 2004, kule, hata baanfirmiye waliofundishwa kwa ile kazi wanaruhusiwa kuiandika. Mugonjwa anakunywa kipimo chake kila saa ine, wanapandisha kidogo kidogo mupaka anaweza kulala na kula. Shirika la Afya la Dunia limeiweka kwenye liste ya dawa za lazima. Kwa mutu ambaye jiwe limeponda muguu wake, ao aliyechomwa na moto, ao mama mwenye kansa ya kizazi, morfini katika mikono ya munganga si hukumu ya kifo. Inafunga tumbo, ile ni kweli, na inafunga karibu kila mutu, ndiyo maana munganga anayejua kazi anaongeza dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Na mwenye mafigo ya kugonjwa lazima aseme mbele, juu morfini inabakia ndani yake na kujilundika.

Lakini mugongo? Hapa ndipo tunapaswa kusema wazi, hata kama haitapendeza. Mwaka 2023 wachunguzi wa Australia walitoa matokeo ya uchunguzi kwa watu 347 wenye kuumwa na mugongo ao shingo kwa muda mufupi. Wamoja walipewa oksikodoni, wengine kidonge cha bure kisicho na dawa ndani. Kisha majuma sita, wale wa oksikodoni hawakuwa na nafuu kupita wale wengine. Mbele yake, mwaka 2018, kule Marekani, walifuata kwa mwaka muzima watu 240 wenye maumivu ya siku nyingi ya mugongo, nyonga ao goti: nusu walipewa dawa za ukoo wa afyuni, nusu dawa za kawaida kama parasetamoli na zingine zisizo za ule ukoo. Wale wa dawa za nguvu hawakufanya kazi zao muzuri kupita wenzao, na maumivu yao yalibakia juu kidogo kupita ya wenzao.

Kwa hiyo ile nafuu ya mangaribi iko, hatuikatae, lakini ni ya saa chache. Mwezi wa kwanza kidonge kimoja kinatosha. Mwezi wa tatu mbili. Kisha mutu anameza si juu ya mugongo tena, anameza juu asipomeza anagonjwa.

Wachimbaji wa makaa wa West Virginia, Marekani, walipita ile njia mbele yetu. Walikuwa na migongo iliyovunjika kama ya kwetu, na walikuwa na ordonansi, waganga waliovaa nyeupe, farmasi safi. Mwaka 1996 kampuni Purdue ilileta OxyContin, ambayo ni oksikodoni ya kutoka polepole, na kuwaambia waganga kwamba hatari ya kuzoea ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni yenye kuhusiana nayo ilikubali mbele ya tribinali kwamba ilidanganya juu ya ile hatari. Wakati ule makaburi yalikuwa yamechimbwa tayari.

Na kwetu hata jina ku plakete si hakika. Kule Afrika ya Magaribi kulipatikana vidonge vyenye kuuzishwa kama dawa ya maumivu, kumbe ndani ni tapentadoli, ndugu mwingine wa ule ukoo, imechanganywa na karisoprodoli, dawa ya kulegeza misuli. Kila moja inapunguza pumzi; zote pamoja ni vibaya zaidi. Mwezi wa pili 2025 serkali ya India ilikataza kutengeneza na kutuma inje ule muchanganyiko. Chenye kilikuwa tayari njiani kiko wapi, musituulize.

Lutuku, bia, diazepamu na dawa zingine za usingizi zinafanya kazi ile ile ku pumzi. Wengi wanaokufa hawakufa na kidonge peke yake. Walikufa na kidonge na chupa. Mama ao mutoto anayelala nyumba moja na mutu wa namna ile anapaswa kujua kutofautisha usingizi wa kuchoka na usingizi wa dawa. Mukoromo muzito wa ajabu, kama maji ndani ya koo. Midomo na makucha vinageuka rangi ya majivu ao bluu. Mboni ya jicho ndogo kama ncha ya sindano. Pumzi chache, chini ya kumi kwa dakika. Unamuita, unamufinya, haitike.

Pale usimumwangie maji baridi na kungojea, usimunyweshe maziwa wala mafuta, atakabwa nayo. Mulaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Akiacha kupumua, mugeuze chali na umupulizie hewa kinywani, mara moja kila sekunde tano, mupaka mufike ku lopitali ao pumzi irudi. Kule waulize kama wako na naloksoni: ni sindano yenye kufukuza hizi dawa ku bongo kwa dakika chache. Lakini yenyewe inaisha mbele, mara ingine kisha nusu saa, na dawa mubaya ingali ndani. Mutu akiamuka na kusema "niko muzuri, turudi", musirudi. Kwa tramadoli inasaidia nusu tu, na kifafa kinaweza kuja, sababu ingine ya kubakia kwenye macho ya waganga.

Na kwa yule ambaye ameisha kuzoea, na anataka kutoka: usikate siku moja. Utatoka jasho, kamasi, mifupa itauma, tumbo litaharisha, usiku hautalala. Inafanana na malaria sana, na wengi wanajitibu malaria, kisha wanarudi ku meza. Munganga anapunguza kidogo kidogo, kwa majuma. Na kama uliacha kwa mwezi, tuseme ulienda ku kijiji ao ulikuwa mugonjwa, usirudilie dozi yako ya zamani: mwili umesahau, na ile ile uliyokuwa unavumilia inaweza kukuua.

Munganga akikuandikia moja ya hizi dawa, muulize vitu viwili: siku ngapi, na nikiisha niache namna gani. Ifungie mbali na watoto, ndani ya kitu chenye kufuli. Na kama unakwenda ku lopitali juu ya mutu aliyemeza, beba plakete, hata tupu, hata iliyookotwa kando ya kitanda, na useme saa alimeza na kama kulikuwa lutuku. Anfirmiye hataita polisi. Anatafuta kujua ni sindano gani achukue.