Shoga, Rafiki, Zami: Istilahi na Uhakiki wa Kazi za Wasanii

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna jina apewalo msanii linavyoweza kuitangulia kazi yake na kuifunika. Mfano wetu ni wasanii wenye asili ya Kiafrika wapendao watu wa jinsia yao.

Tuanze na neno lenyewe. Garsen, katika Kaunti ya Tana River, ni njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa. Hapo Mpokomo, Muorma na mgeni wa bara huelewana kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha pwani hukutana na kile cha magazeti. Katika cha kwanza, shoga ni jina la upendo ambalo mwanamke humwita mwandani wake wa kike. Katika cha pili, ni mwanamume apendaye wanaume, na mara nyingi husemwa kwa kumtweza. Hanithi, msenge na msagaji hayana hata ule upande wa upole. Basi mwalimu wa fasihi mahali kama hapo hutaja neno moja, na wanafunzi wakasikia mawili.

Ugumu huu hudhihirika katika tafsiri. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru (1971) na mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2002, alichapisha Januari 2014 insha aliyoiita sura iliyopotea ya tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place (2011). Humo anajiwazia kando ya kitanda cha mama yake mahututi, akimfunulia siri ambayo hakuwahi kumwambia kabla hajafariki mwaka 2000. Kilele cha insha ni tamko la mwana kwa mzazi. Mtafsiri akiandika msenge, ungamo la heshima hugeuka tusi ambalo mwana hujitukania mbele ya mama yake. Insha nzima huporomoka kwa neno moja.

Wasanii wengine wamechagua maneno ya kawaida. Filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wapendanao, iliyoonyeshwa Cannes 2018, inaitwa Rafiki, kwani hilo ndilo jina ambalo wapenzi wa namna hiyo hutambulishana mbele za watu. Filamu ilipigwa marufuku Kenya. Septemba 2018 mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Naye Audre Lorde, mshairi wa New York aliyejitambulisha waziwazi kuwa msagaji, alikiita kitabu chake cha 1982 Zami, neno la Carriacou kwa wanawake wafanyao kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi. Zami na shoga ni maneno jirani: yote mawili huanzia katika usuhuba wa wanawake.

Uteuzi huu si jambo jepesi. Wainaina alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ilikataa kubatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Jina laweza kumtia mtu mashakani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zibainishe maana zote mbili za shoga, pamoja na eneo la matumizi na mwelekeo wa msemaji. Pili, mhakiki atumie maelezo yasiyohukumu, kama vile apendaye wa jinsia yake, isipokuwa pale ambapo msanii amejichagulia neno. Hukumu na ije baada ya kusoma.