Sokwe wa Kericho aliyewagombanisha wataalamu

MTOTO wako wa sekondari akikujia na kitabu cha biolojia, akuulize iwapo trilobaiti, yule dudu wa baharini mwenye gamba lililogawika sehemu tatu, anaweza kuchimbuliwa chini ya michai ya Kericho au Bomet, usimkaripie. Swali lake ni zuri. Jibu lake ni la.

Trilobaiti walijaa baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, katika zama ziitwazo Kambria, na wa mwisho wao waliangamia yapata miaka milioni 252 iliyopita. Mabaki yao hupatikana katika mawe yaliyotokana na matope ya bahari. Mawe ya Kericho hayakutokana na bahari. Yalitapikwa na volkeno, na ndiyo yaliyosagika na kuwa udongo ule mwekundu unaoipenda michai kiasi hicho.

Lakini kabla mtoto hajaondoka amenuna, mwambie hivi: volkeno hiyohiyo iliyomnyima trilobaiti ilimwekea kitu kingine. Tena kitu hicho kiliwagombanisha mabingwa wa dunia kwa zaidi ya miaka 20.

Huenda umewahi kupita Fort Ternan, kile kituo cha reli kilicho kati ya Kipkelion na Muhoroni, katika Kaunti ya Kericho. Hapo jirani palikuwa na mlowezi mmoja, Fred Wicker, aliyelima machungwa. Wicker aliona mifupa iliyogeuka mawe shambani mwake, na badala ya kuitupa kando kama ambavyo wengi wetu tungefanya, akaipeleka kwa Dkt Louis Leakey jijini Nairobi. Uchimbaji ukaanza. Mwaka wa 1961, msaidizi mkuu wa Leakey, Heselon Mukiri, akaibua kipande cha taya la juu chenye meno.

Kipande chenyewe kingeenea kiganjani mwa mtoto. Hata hivyo Leakey alipolitazama lile jino la chonge aliona ni dogo, si kama la sokwe wa leo ambalo hutokeza kama kisu. Akashikilia kwamba huyu alikuwa ameanza kuielekea njia ya binadamu. Akampa jina jipya kabisa: Kenyapithecus wickeri. Jina la kwanza, ambalo ni kama la ukoo, lina maana ya sokwe wa Kenya. La pili ni heshima kwa mwenye shamba.

Na umri wake je? Majivu ya volkeno yalipimwa, ikaonekana ni kiasi cha miaka milioni 14. Hebu fikiria, msomaji: wakati huo Mlima Tinderet, ambao leo umetulia upande wa Nandi, ulikuwa ukitema moto na majivu, na majivu hayo ndiyo yaliyoifunika mifupa isioze.

Ugomvi ulianza mapema. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili, Elwyn Simons na David Pilbeam, walisema hakuna haja ya jina jipya. Huyu ni yuleyule Ramapithecus, ambaye mifupa yake ilipatikana milima ya Siwalik huko Bara Hindi. Leakey hakukubali ng'o. Mwaka wa 1968 akaongeza kuni motoni: akaandika kwamba Fort Ternan palikuwa na jiwe lililogongwagongwa pembeni, na kwamba mnyama huyu alilitumia kupasulia mifupa. Wenzake wengi hawakusadiki. Jiwe kukwaruzika, walisema, si ushahidi kwamba lilishikwa na mkono.

Leakey alifariki mwaka wa 1972. Muongo mmoja baadaye sura ya Ramapithecus ilipofahamika vizuri, alionekana ni jamaa wa orangutangu wa Asia, si babu yetu. Wachunguzi wa chembe za urithi nao walionyesha kwamba njia ya binadamu na ya sokwemtu ziliachana mamilioni ya miaka baada ya majivu ya Tinderet kupoa. Kwa hiyo Leakey alikosea kuhusu babu. Lakini kuhusu jina alipatia: Kenyapithecus ni ukoo wa peke yake hadi leo. Mwaka wa 1999 baadhi ya mifupa iliyokuwa ikihesabiwa pamoja naye ilihamishiwa ukoo mwingine uitwao Equatorius, ila yule wa Fort Ternan hakuguswa. Ana hata ndugu aliyepatikana Uturuki.

Binafsi, kinachonivutia zaidi si huyo sokwe bali majirani zake. Palikuwa na twiga wa shingo fupi. Palikuwa na swara ambaye mtaalamu Herbert Thomas alimpa ukoo mwaka wa 1984 na kumwita Kipsigicerus, yaani pembe ya Kipsigis. Ni wangapi kutoka Litein, Sotik au Bomet mjini wanaojua kwamba jina la kabila lao limo katika vitabu vya wanyama wa kale? Hata nyasi zilibaki, zimesimama ndani ya majivu. Mwaka wa 1990 Gregory Retallack alizitumia kudai kwamba hapa palikuwa na mbuga wazi. Mwaka uliofuata Thure Cerling na wenzake walipima kaboni ya udongo, wakasema la, palikuwa na miti.

Naye Mukiri? Jina la sokwe alilichukua mwenye shamba, ingawa mkono ulioliibua taya ulikuwa wa Mukiri. Hakusahauliwa kabisa lakini. Mwaka wa 1968, Dirk Hooijer alipomwelezea kifaru wa kale wa Fort Ternan, alimwita Paradiceros mukirii.

Taya lenyewe haliko Kericho. Limehifadhiwa Nairobi, mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa, likiwa na alama KNM-FT 46. Hiyo FT ndiyo Fort Ternan.