Muzibu Azaala Mpanga: Ukongwe wa Nyumba ya Nyasi

Msikiti wa Kibuli, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 1941 na kufunguliwa mwaka 1951 juu ya kilima ambacho ardhi yake ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, hutajwa na wengi kila inapozungumzwa habari ya majengo ya zamani ya Kampala. Hata hivyo, ukoo huohuo wa kifalme, kwani Nuhu Mbogo, baba yake Kakungulu, alikuwa ndugu wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza, una nyumba iliyotangulia msikiti huo kwa miongo kadhaa, nayo imeezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Nyumba hiyo ni Muzibu Azaala Mpanga, iliyoko kwenye kilima cha Kasubi.

Muteesa aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Jambo hilo lilivunja desturi, kwa sababu hapo awali taya la Kabaka lilitengwa na mwili na kutunzwa mahali pake, na kila mfalme alikuwa na kaburi lake peke yake. Kasubi, kinyume chake, ilikuja kuwapokea pia Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili.

Nyumba ni ya duara, yenye kipenyo cha mita 31 kwa nje, na ndani kimo chake hufikia mita 7.5. Anayeingia na kuinua macho huona pete 52 zilizofungwa kwa kuti na nyasi, zikipungua kipenyo kadiri zinavyopanda, nazo huwakilisha koo 52 za Baganda. Mbele yake hutundikwa pazia la lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka lilainike na kutanuka, na nyuma ya pazia hilo ndipo yalipo makaburi, mahali panapoitwa Kibira, maana yake msitu. Hakuna fundi anayejitwalia kazi hapa: kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na kuzipamba pete ni haki ya ukoo wa Ngo, yaani chui.

Nyasi huoza, na kwa hiyo paa lazima liezekwe upya mara kwa mara. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu hutunzwa na unene wa kuta zake. Nyumba hii ya Kasubi hutunzwa na wajibu unaorithiwa, na kwa sababu hiyo si sawa kuipima kwa umri wa vifaa vyake. Mwaka 1938 ndani yake viliongezwa nguzo za zege, chuma na matofali, vikafunikwa kwa sehemu kubwa na vifaa vya jadi. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliteketeza nyasi zote, na ugumu wa zege haukuiokoa nyumba. Kilichoirudisha ni mikono ya waezekaji, ambao walilazimika kujifunza tena kazi kubwa kiasi hicho, wakifunga kicha kwa kicha, hadi mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.